Jina la Anselme Katikati ya Wimbo

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Gradi alipita kwa majirani kuwaomba wanawake waache kutwanga sombe, majani ya mihogo, kwa muda. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa cha matofali ya udongo, katika kijiji kimoja cha Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ukutani alikuwa amepigilia trei za mayai, na juu ya trei mablanketi ya msaada, lakini mchi wa jirani ulipenya vyote hivyo na kuingia kwenye maiki.

“Batoto bangu bakilala njaa nitabaleta kwako,” mmoja wao alimwambia. “Utabalisha hiyo hip hop.”

“Ni saa mbili tu, mama.”

“Saa mbili. Sombe nayo ingoje mwanamuziki.”

Hata hivyo aliacha kutwanga.

Ilikuwa mwaka 2008 na Gradi alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amejifunza kinanda katika kanisa la mchungaji Rugamba, akiipigia kwaya, hadi alipogundua kwamba ngoma zilizomo ndani ya kinanda kile zilimpendeza kuliko tenzi. Kompyuta yake aliipata Mbarara, kwenye duka la intaneti lililokuwa likifungwa. Betri ya sola haikumpa muda mrefu, kwa hiyo alifanya kazi haraka na kuzungumza kidogo. Rapa wake wa kwanza alikuwa Emery, aliyekua naye, kijana aliyechana mistari kwa Kiswahili, kwa Kifuliru, na kwa Kifaransa cha darasa la nne.

Jumamosi moja mlangoni alikuja Nabintu, muuza samaki wakavu, na beseni la maharagwe kichwani. Alitaka jina la mumewe litajwe katika wimbo.

Ni desturi ya Wakongomani. Wimbo usiotaja majina ya watu kwao ni kama haujaisha. Mwimbaji anafika katikati, anaacha maneno yake na kumtupia mtu jina, fulani mwana wa fulani, na mtu huyo anajiona mkubwa mji mzima. Wenyewe huita kutupa libanga. Wanamuziki wa dansi walifanya hivyo tangu zamani, na wa hip hop hawakuona sababu ya kuacha.

“Bwana yangu iko Zambia,” Nabintu alisema. “Toka vita ya quatre-vingt-seize, ile ya tisini na sita. Akisikia jina yake mu radio, atarudia.”

“Mama Nabintu,” Emery alisema, “huu wimbo ni juu ya mateso ya dunia. Bwana yako ataingia fasi gani?”

“Mateso ya dunia njo yeye. Mutaje.”

Emery alimtaja. Gradi alipanga sauti, akapunguza besi, akaucheza wimbo ili Nabintu asikie. Jina lilipopita, mwanamume alisimama mlangoni akiwa na kiatu kimoja. Alisema hodi. Aliuliza nani amemwita, kisha akaomba maji.

Nabintu alimpa mumewe maji katika kikombe cha Emery.

“Kumbe ulikufa,” alisema.

“Siku ile ile. Pa Ruzizi. Hatukuvuka.”

“Na hao banasema walikuona Zambia?”

“Sijui hao. Niko mu maji, chini ya daraja ya mbao, na bengine.”

Alikunywa, akashukuru. Wimbo ulipoisha hakuwapo tena, na kikombe kilikuwa sakafuni kikiwa kitupu. Nabintu alikiokota, akakisuuza, akamrudishia Emery. Jioni hiyo alinyoa nywele na kuanza matanga. Majirani walileta kuni na unga. Wengi walisema ni vizuri, mwanamke hawezi kukaa nusu mjane miaka yote hiyo.

Baada ya hapo watu walikuja kwa Gradi kutoka Juru yote. Utaratibu ulijulikana upesi. Jina likitupwa na mtu akaja, basi amekufa. Jina likitupwa na mtu asije, yuko hai mahali fulani, na familia yake ilicheza palepale uani, ikaomba wimbo urudiwe ili kuhakikisha. Mchungaji Rugamba alihubiri dhidi ya jambo hilo majuma mawili, na juma la tatu alileta jina la baba yake. Wafu walikuja na nguo za siku yao, wakiwa na umri wa siku yao. Kwa kuwa walikaa kwa urefu wa wimbo tu, watu walianza kudai nyimbo ndefu, na Emery ndiye aliyeumia.

“Miye nachana, bafu banaongea juu ya mistari yangu,” alilalamika. “Jana mutu amelia mu kiitikio yote. Nani atanisikia?”

“Ongeza sauti,” Gradi alimwambia.

Kila mfu alisema mahali alipo. Hawakuulizwa, walisema wenyewe, kama mtu anayeeleza njia ya kwake: chini ya daraja, ndani ya choo cha zahanati, shambani kwa fulani kwenye mpaka wa mihogo. Gradi alianza kuwawekea maiki. Wageni waliovaa vizibao walipofika kwa gari kuuliza mambo ya vita, aliwapa nakala. Walisikiliza ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mmoja alitoka akiwa amefuta macho, akampa Gradi mkono, akasema sauti ni safi sana kwa vifaa alivyo navyo. Hakuna aliyesikia kwamba wameenda kuchimba mahali popote.

Mama yake Gradi, Pélagie, hakuwahi kuingia katika chumba kile. Alikuwa fundi wa nguo, na alishona kwa mkono. Watu walipomuuliza kwa nini hatafuti cherehani, alijibu kwamba anayo, iko njiani. Mwaka 1996, walipokimbia, alikuwa amekwisha kufika mtoni ndipo akakumbuka kichwa cha cherehani yake kimebaki nyumbani. Akamtuma Anselme, mwanawe mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, arudi mbio akakichukue. Gradi alikuwa na miaka sita na alibaki ameshika sketi ya mama. Walingoja mpaka waliokuwa nyuma yao wakawasukuma ndani ya mtumbwi. Toka hapo walipita nchi mbili kabla ya kufika Uganda.

Kila Noeli Pélagie alikwenda kwenye mitumba ya sokoni na kumnunulia Anselme suruali. Alikadiria kwa kuangalia vijana wa rika lake. Mwaka huu kiuno kimeongezeka, mwaka huu ameota ndevu, anataka kitambaa kizito. Alizikunja sandukuni pamoja na majani ya mwarobaini ya kuzuia nondo.

“Jina ya Anselme usiiguse,” alimwambia Gradi siku Nabintu alipoanza matanga. “Ya bengine, taja. Ya yaya yako, mukubwa wako, hapana.”

“Sitaitaja, mama.”

“Yeye iko muzima. Anatembea polepole juu ya kubeba mashini. Ni muzigo nzito.”

Mwaka 2011 wimbo mmoja wa Emery ulifika Mbarara. Mtangazaji wa redio moja iliyokuwa kwenye kilima cha Kamukuzi aliupenda akaupiga asubuhi, wakati watu wanakwenda kazini. Katikati yake yalikuwa majina ya watu wa kijiji kimoja cha Kongo, kwa sababu wateja walikuwa wengi na Gradi alikuwa amewapanga pamoja. Wote walifika kwenye geti la redio. Walikuwa wanaume, wanawake, na mtoto mgongoni.

“Nyinyi nataka nini hapa?” askari wa geti aliwauliza. “Hii si ofisi ya wakimbizi.”

Walimwambia wameitwa. Walimwambia pia mahali walipo, nyuma ya ghala la kahawa, na kwamba juu yao kumewekwa kokoto. Askari alipiga simu ndani. Mtangazaji alishuka, akawasikiliza kwa heshima, akasema kipindi chake ni cha muziki na habari ziko chini ya mtu mwingine ambaye hajafika. Ofisa aliyekuwa akipita alisema jambo hilo si la Uganda, waende wakalieleze kwao. Mwanamke mwenye mtoto alijibu kwamba wanatoka huko. Wimbo ukaisha na geti likawa wazi kwa magari.

Siku chache baadaye Gradi aliitwa na Mbabazi, Mnyankore mwenye studio ghorofani juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Studio ilikuwa na umeme wa ukutani, kiti cha kuzunguka na kioo kati ya mwimbaji na fundi.

“Gradi, ssebo, wewe iko na mkono,” Mbabazi alisema. “Hiyo ngoma yako nagonga mpaka roho. Kuja fanya kazi na mimi. Lakini majina, toa.”

“Bila majina wimbo haujaisha, boss.”

“Kwa nyinyi. Hapa watu nataka kucheza. Mtu nacheza namna gani na maiti kwa geti?”

Gradi alikwenda nyumbani akafikiri. Mama yake alikuwa ameanza kukohoa na kushika ubavu. Alirudi Mbarara na begi lake, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akaanza kutoa majina. Si kazi ngumu. Unaweka alama kabla ya jina, alama baada ya jina, unafuta, unavuta biti kuziba pengo. Asiyejua hasikii kitu. Nyimbo zilizosafishwa hivyo zilipigwa kwenye harusi, kwenye baa, kwenye redio ya Kamukuzi asubuhi na jioni. Vijana wa Mbarara walianza kumtambua barabarani. Emery alipata suti nyeupe na akaacha kulalamika. Majina aliyoyafuta Gradi hakuyatupa. Aliyahifadhi pamoja katika kompyuta yake ya zamani, ambayo hakuiwasha.

Mwaka 2014 Pélagie alilazwa hospitali ya misheni, Ruharo. Gradi alikwenda kila asubuhi na chai ya maziwa kwenye chupa. Daktari alimwita kando na kumweleza kwa upole kwamba ugonjwa umeshika ini lote. Aliporudi kitandani mama yake alikuwa amekaa.

“Sasa mutupie jina,” alisema.

“Jina ya nani?”

“Usinichezee. Ya Anselme. Miye naenda, Gradi. Lazima nijue fasi ya kumutafuta. Kama iko kule, namukuta kule. Kama iko huku, sitatoka huku bila kujua.”

“Mama, pumzika kwanza.”

“Nimepumzika mingi. Kwenda, fanya kazi yako.”

Jumapili studio ilikuwa tupu. Gradi alimwita Emery, naye aliacha suti yake nyeupe nyumbani na kuchana polepole, bila mbwembwe. Jina Gradi alilitupa mwenyewe: Anselme, mwana wa Pélagie. Alipocheza wimbo, hatua zilisikika kwenye ngazi ya duka la vipuri, hatua za mtu aliyebeba kitu. Anselme aliingia. Shati lake la shule lilikuwa na matope mpaka kifuani, na begani alikuwa na kichwa cha cherehani, cheusi, chenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu.

“Nani ameniita?”

“Ni miye. Gradi.”

Anselme alimwangalia, mwanamume wa miaka ishirini na minne mwenye ndevu, akatikisa kichwa kukubali.

“Mama iko wapi? Nimeleta mashini.”

“Weka chini kwanza, yaya.”

“Alisema nisiiweke chini.”

“Uko fasi gani?”

“Nyuma ya shule ya misheni. Lile shimo la kutolea udongo wa matofali. Tuko mingi mule. Nilikuwa nimeshaitoa, niko natoka mu mulango, bakaniita.” Alihamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. “Mama alikasirika?”

“Hapana.”

“Mwambie sikuiangusha.”

Wimbo ukaisha. Emery alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

“Utamwambia?” aliuliza.

Gradi alikuwa anapunguza kelele za mwanzo wa wimbo, kwa sababu zilikuwapo na ndiyo kazi yake. Alisema mama ndiye aliyemtuma Anselme kurudi. Alisema ameishi miaka yote hiyo kwa sababu ya suruali zile.

Kesho yake aliuweka wimbo kwenye simu, akaenda Ruharo. Alimwegesha mama yake kwenye mito ili aone mlango, akaanza kuucheza, kisha akatoka kana kwamba anatafuta muuguzi. Anselme alikuwa tayari anapanda kutoka getini. Gradi alimkuta kwenye bomba la maji la uani.

“Ngojea hapa,” alimwambia.

“Mama iko mule?”

“Ngojea hapa, yaya. Kidogo tu.”

Anselme alikuwa mtoto mtiifu siku zote, ndiyo maana alitumwa yeye. Alisimama kando ya bomba na cherehani begani. Watu walioteka maji walimwomba asogee, akasogea.

Wodini, muda wote huo, Pélagie aliangalia mlango. Aliangalia kiitikio kizima, na jina lilipopita alishika shuka kwa mikono miwili. Aliingia msichana mwenye ndoo ya kudekia, akatoka. Wimbo uliisha, Gradi akarudi.

“Hakuna mutu?” aliuliza.

“Hakuna mutu, mama. Iko muzima.”

“Rudisha, tuhakikishe.”

Alirudisha. Uani Anselme alisimama tena kando ya bomba, kama alivyoambiwa. Hakuna aliyeingia. Pélagie alicheka, mara ya kwanza tangu alazwe, akampiga Gradi begani kwa kiganja chepesi.

“Si nilisema? Si nilisema, weye mwenye kujua mingi? Mwana wangu iko muzima.”

Alikufa Ijumaa ya juma lile, usingizini. Walimrudisha Nakivale wakamzika Juru, na mchungaji Rugamba alisoma zaburi. Watu walikaa matanga kwa siku zilizozoeleka. Siku ya kuondoa matanga Gradi aliwasha kompyuta ya zamani katika chumba chake cha trei za mayai. Alitaka mama yake ale nao. Alilitupa jina la Pélagie katikati ya biti tupu, bila mistari.

Alikuja baada ya kitambo, na wimbo ulikuwa umekwisha kupita nusu. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini na kitenge kimechanika pindo. Alikaa kwenye stuli akavua kandambili.

“Unatoka wapi, mama?”

“Lubumbashi. Mbele ya hapo nilikuwa Kigoma. Banasema iko Mukongomani mushonaji Lusaka, naenda kumuangalia kesho.”

“Unamtafuta nani?”

“Namutafuta nani tena? Yaya yako.”

“Na kule kwa bafu, kwa baliokufa, hukumuuliza?”

Pélagie alimtazama kama alivyomtazama alipokuwa mdogo na akauliza jambo la kipumbavu mbele ya wageni.

“Nimuulize kwa bafu juu ya nini? Weye njo ulisema iko muzima.”

Alianza kuvaa kandambili zake. Biti ikaisha kabla hajavaa ya pili.

Gradi hakurudi Mbarara. Mbabazi alimpigia simu mara nyingi, mwisho akachukua kijana mwingine, naye majina aliyatoa vizuri tu. Mwanzoni mwa 2015 mtu aliyefika karibuni kutoka nyumbani, mtu wa kijiji chao, aliulizwa juu ya shimo la matofali nyuma ya shule ya misheni. Alisema limefukiwa zamani na wakubwa wa pale wamepanda migomba. Udongo wake ni mzuri. Ndizi zinauzwa mpaka mjini.

Jumamosi moja ya mwaka huo Gradi alipita kwa majirani, nao wakaacha kutwanga. Emery alikuja kwa miguu.

“Mistari mingapi?” aliuliza.

“Mpaka uchoke.”

Emery alichana mpaka sauti ikakwaruza. Gradi alitupa majina mawili, moja likifuata jingine bila pumzi katikati. Kisha alibeba sanduku la suruali kutoka nyumba ya mama yake, akaliweka chini ya dirisha, akaucheza wimbo.

Pélagie alitokea upande wa barabara, Anselme upande wa ziwa. Walikutana mlangoni. Pélagie alimwangalia kuanzia nywele mpaka miguu, akaangalia shati, akaangalia matope. Aligeuka akamwangalia Gradi, muda mrefu kidogo, kisha akamrudia mwanawe.

“Umechelewa,” alisema.

“Ilikuwa nzito, mama. Sikuiangusha.”

“Leta.”

Anselme aliishusha juu ya meza, kando ya kompyuta. Bega lake lilibaki limeinama. Pélagie alizungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza, akasema inataka mafuta. Gradi alileta mafuta ya kupikia. Sandukuni Pélagie alitoa suruali ya juu kabisa, ya mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, kitambaa kizito, akamwambia Anselme avae. Ilimwangukia miguuni.

“Nilikuwa najua utakuwa murefu,” alisema.

Alipiga magoti, akaikunja miguuni kwa kipimo cha kiganja, akaishika kwa pini alizozitoa kwenye kitenge. Kisha alimvua, akakaa kwenye stuli na kuanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Cherehani ilikwenda mbele kidogo ya biti. Gradi aliisikia, na hakuirekebisha.

Wimbo uliisha. Stuli ilikuwa tupu, meza pia, na suruali ilikuwa sakafuni, mguu mmoja umepindwa na mwingine bado. Gradi alirudisha mwanzo. Walikuja wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, Anselme akiwa na cherehani begani kama mara ya kwanza, akaishusha, akasimama. Pélagie alimalizia mguu wa pili, akakata uzi kwa meno, akamvalisha.

“Zunguka,” alisema.

Anselme alizunguka. Nje wanawake walikuwa wamekaa na michi yao, wakingoja. Taa ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Pélagie alikuwa amekwisha kuinama sandukuni na kutoa nyingine.

“Gradi,” alisema bila kugeuka. “Rudisha.”